Nimekifuta mara nne, na kila nikiwasha kompyuta kipo

Shikamoo Mjomba Fundi,

Nimekuwa nikisoma safu yako muda mrefu, nikiwacheka kimoyomoyo wanaokuandikia. Leo zamu yangu imefika.

Wiki tatu zilizopita nilihitaji programu ya kuhariri video kwa kazi ya haraka. Ya kulipia sikuimudu, nikatafuta kraki, yaani nakala iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipia. Nikapata faili la zipu lenye nywila 1234, na ndani yake maelezo mafupi: zima antivairasi kwanza kwa sababu "huwa inakosea", kisha iendeshe programu kama msimamizi. Nikafuata neno kwa neno. Dirisha jeusi likafunguka na kujifunga kabla sijasoma chochote. Programu yenyewe haikufunguka. Nikaona ni mbovu, nikalifuta faili, nikasahau.

Siku ya nne feni ikaanza kuvuma hata kompyuta ikiwa imekaa tu. Kisha nikapata ujumbe kwamba baruapepe yangu imefunguliwa kutoka nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Nikabadilisha nywila palepale. Kesho yake, ujumbe uleule. Hapo ndipo nilipokumbuka kuiwasha antivairasi, nayo ikapiga kelele: imekuta kitu ambacho jina lake linaanza na neno Backdoor, ndani ya folda ya AppData. Nikabonyeza kiondolewe. Ikaniandikia kwamba tishio limeondolewa. Nikazima, nikawasha, na dakika kumi hazijapita kitu kikawa kipo palepale, kwa jina lilelile. Nimekifuta mara nne sasa.

Rafiki mmoja ananiambia niingie kwenye rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows, nifute kila nisichokielewa. Mwingine anasema niweke antivairasi ya pili isaidiane na ya kwanza. Wa tatu anasema fomati, basi. Mjomba, nina kazi za miaka mitatu humo na sina nakala popote.

Hiki kitu ni nini hasa? Hakisafishiki bila kufomati? Walikuwa wakiniona kwenye kamera? Na la mwisho, ambalo ndilo linaninyima usingizi: mdogo wangu wa kike huitumia kompyuta hiyo kwa masomo, na akaunti zake zote ziko wazi humo. Yeye hajui lolote. Ni lazima nimwambie?

Samahani kwa urefu wa barua. Naiandika kwenye kompyuta hiyohiyo.

Mfutaji Aliyechoka

* * *

Marahaba, Mfutaji.

Ule mstari wako wa mwisho ndio ulionishtua kuliko barua nzima. Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, ukate mtandao wa kompyuta hiyo. Zima waifai, au chomoa waya kama unatumia waya. Kisha endelea kunisoma kwenye simu. Huenda kuna mtu anayeweza kuona unachokiandika, na hakuna haja ya kumpa taarifa mapema kwamba unajiandaa kumtoa.

Sasa tuanze na jina. Backdoor ni mlango wa nyuma, na jina limekaa sawasawa. Kirusi cha kawaida huingia kufanya jambo lake: kuharibu, kusambaa, au kufunga mafaili na kudai fidia. Mlango wa nyuma hauna haraka hiyo. Kazi yake ni kubaki wazi ili mtu aingie atakapo, na akishaingia anaweza kufanya karibu kila unachoweza kufanya wewe ukiwa umekaa kwenye kiti: kufungua folda, kupiga picha ya skrini, kusoma unachobonyeza kwenye kibodi, kuchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kuleta programu nyingine mbaya. Wewe uliiendesha kraki kama msimamizi, kwa hiyo mgeni wako alipewa ufunguo wa nyumba nzima.

Watu wengi hudhani kwamba mvamizi hubisha kutoka nje. Zamani ilikuwa hivyo. NetBus, mlango wa nyuma wa mwaka 1998, kwa mfano, ilifungua njia ya mtandao namba 12345 kwenye kompyuta ya mtu na kukaa kumsubiri mwenye kulijua. Siku hizi ruta ya nyumbani humkatalia anayebisha kutoka nje, lakini haimuulizi maswali anayetoka ndani. Basi mlango wa nyuma wa leo hausubiri kubishiwa. Wenyewe ndio unaompigia bwana wake simu, kila baada ya dakika kadhaa: nipo, kuna kazi? Na mara nyingi hupita njia namba 443, ileile inayotumiwa na tovuti zote salama, ili simu yake ipotee katikati ya simu zako.

Jambo hilo unaweza kuliona kwa macho. Ukifungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika netstat -ano, utapata orodha ya miunganisho, kila mmoja na namba ya programu mwishoni. Tuseme umekuta mstari wenye neno ESTABLISHED, na mwishoni namba 4812. Unaitafuta 4812 kwenye Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazoendeshwa, unakuta imeandikwa svchost.exe. Unapumua, maana hiyo ni programu ya Windows yenyewe. Lakini bonyeza kulia uulize faili lake linakaa wapi. Svchost ya kweli huishi ndani ya C:\Windows\System32. Ukikuta hii yako inaishi ndani ya AppData, kwenye folda yenye jina la herufi zisizo na kichwa wala miguu, basi umeshamwona mgeni wako uso kwa uso. Usifanye jaribio hili sasa, kwani ukishakata mtandao orodha haitakuonyesha mengi. Nimekueleza ili ujue kwamba hapa hakuna uchawi, kuna programu tu, yenye faili, jina la kuiba na anwani.

Kwa nini basi inarudi? Hapa ndipo unapochoka bure. Antivairasi yako haikukudanganya: faili lile lililiondoa kweli. Ila faili lile ni mtoto, na aliyemzaa bado yumo. Mara nyingi huwa ni kazi iliyopangwa ndani ya Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoendesha kazi kwa ratiba, yenye jina la heshima linalofanana na la masasisho, na amri yake ni fupi: kila baada ya dakika kumi, tazama kama faili lipo, kama halipo, lilete tena. Zile dakika kumi zako zimenifanya nihisi hivyo. Inaweza pia kuwa huduma inayowaka pamoja na Windows, au mstari kwenye rejista, au vyote vitatu kwa pamoja, kimoja kikimlinda mwenzake.

Na kuna jingine ambalo wengi hawalitazami. Ndani ya Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows, kuna orodha ya folda ambazo umeiambia isizikague. Kraki nyingi zikishapata haki za msimamizi, jambo la kwanza ni kwenda kujiandikisha kwenye orodha hiyo. Ukiifungua orodha ukakuta folda ambayo hukuiweka, au diski nzima ya C, usishangae. Ni sawa na mlinzi wa getini aliyeambiwa kwamba yule mwenye kofia nyekundu ni wa nyumbani.

Sasa swali lako kubwa: kinasafishika bila kufomati?

Kinaweza kusafishika. Fundi mwenye subira anaweza kuchukua Autoruns, programu ya bure ya Microsoft inayoonyesha kila kitu kinachojiwasha chenyewe kwenye Windows, akaficha vilivyo vya Microsoft, akapitia vilivyobaki kimoja kimoja, akang'oa mama na watoto. Nimewahi kufanya hivyo, na nakiri kuna raha yake. Lakini mwishoni huwa nabaki na swali ambalo sina jibu lake: na kile ambacho sikukiona? Mtu amekaa kwenye kompyuta yako wiki tatu akiwa na haki za usimamizi. Kukiuliza chombo kilichotekwa kama bado kimetekwa ni kumuuliza mwizi kama ameshaondoka. Ndiyo maana kwa kompyuta ya mtu binafsi, mlango wa nyuma ukishathibitika, msimamo wangu ni mmoja: futa diski, sakinisha Windows upya. Mafundi wenzangu wengine watanibishia, na wabishe. Rafiki yako wa tatu yuko sahihi. Wa kwanza, wa rejista, usimsikilize kabisa; ukifuta usichokielewa mle utabaki na kompyuta isiyowaka na mlango wa nyuma usiojua kama ulikufa. Wa pili pia mwache. Antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombana zenyewe kwa zenyewe.

Ila kufomati ni hatua ya tatu. Watu wengi huanza nayo, ndiyo maana wanaibiwa mara ya pili.

Ya kwanza ni akaunti, na zifanyie kazi kwenye kifaa kingine kisafi. Simu yako inatosha. Ulibadilisha nywila ya baruapepe kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa hiyo nywila mpya huenda ilisomwa ukiwa unaiandika. Hata kama haikusomwa, kuna kuki. Ukiingia kwenye akaunti, kivinjari huhifadhi kuki inayosema "huyu nimeshamtambua", ndiyo maana huulizwi nywila kila mara. Mvamizi akiinakili kuki hiyo na kuiweka kwenye kivinjari chake, anaweza kuingia kama wewe bila nywila, na hata bila ule msimbo wa simu. Kwa hiyo anza na baruapepe, maana ndiyo inayofungua nyingine zote ukisema umesahau nywila. Badilisha nywila, halafu tafuta mahali palipoandikwa ondoka kwenye vifaa vyote, ubonyeze. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo wa simu.

Halafu ingia ndani zaidi ya wengi wanapoishia. Tazama namba ya simu na baruapepe ya kurejeshea akaunti: ni zako kweli? Tazama kanuni za kupeleka barua mbele. Mvamizi mwerevu haondoki mikono mitupu; huacha kanuni ndogo inayomtumia nakala ya kila barua yenye neno "nywila" au "benki", na kanuni hiyo hukaa pale hata ukibadilisha nywila mara kumi. Tazama pia orodha ya programu ulizoziruhusu kufikia akaunti. Ukimaliza baruapepe, nenda benki na huduma za pesa, kisha mitandao ya kijamii, kisha nyingine. Kama nywila zako zilikuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari, zihesabu zote kuwa zimeibiwa, hata za tovuti uliyoitumia mara moja ukaisahau.

Ya pili ni zile kazi zako za miaka mitatu. Usiziogopee, zinaokoleka. Njia ninayoipenda ni kuwasha kompyuta kwa fleshi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu hapo Windows inakuwa imelala na mgeni wako amelala nayo; unanakili huku hakuna anayekutazama. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, utahitaji ufunguo wa kurejesha, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft; ukautafute kwa simu kabla hujaanza. Ukishindwa njia hii, nakili ukiwa ndani ya Windows, mtandao ukiwa umekatwa, kwenye diski ya nje ambayo haina kitu kingine.

Nakili kazi tu: maandishi, picha, video, majedwali. Usinakili programu hata moja, wala faili la kusakinishia, wala zipu usiyoikumbuka. Na kabla ya hapo iambie Windows ionyeshe viambishi vya majina ya mafaili, maana kwa kawaida huvificha. Faili linaloonekana kama "picha_ya_mwisho.jpg" linaweza kuwa picha_ya_mwisho.jpg.exe, na hilo si picha. Ukikuta yanayoishia na exe, msi, bat, scr, vbs au lnk, yaache yaungue na nyumba. Maandishi ya Word yanayoishia na docm yanaweza kubeba amri ndani yake, basi yafungue baadaye, kwa tahadhari, na usikubali kuwasha makro.

Ya tatu sasa. Kwenye kompyuta safi ya mtu unayemwamini, pakua zana ya Microsoft ya kutengeneza fleshi ya kusakinishia Windows. Fleshi iwe ya GB 8 au zaidi, na ujue kwamba kila kilichomo kitafutika. Washa kompyuta yako kwa fleshi hiyo, na ukifika kwenye orodha ya vigawanyo vya diski, futa vyote hadi ibaki sehemu moja tupu, kisha sakinisha humo. Ukiona ndani ya Windows yenyewe kuna kitufe cha kuirudisha upya huku "ukibaki na mafaili yako", kipite. Kinavutia, lakini kinaacha mengi mno mahali pake kwa shida kama yako. Leseni isikutie hofu: kama Windows yako ilikuwa halali na imeunganishwa na kompyuta, kwa kawaida hujitambua yenyewe ukishaingia mtandaoni.

Kuna milango ya nyuma inayojificha chini ya Windows, kwenye chipu ya kuwashia kompyuta, na hiyo hata ukifomati inabaki. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza mmoja wa namna hiyo mwaka 2018, ikaupa jina LoJax. Nakutajia kwa sababu kuna atakayekutisha nao. Hiyo ni silaha ya wapelelezi dhidi ya ofisi za serikali. Aliyeweka kraki yenye nywila 1234 anavua kwa jarife, na wewe ni dagaa kwake.

Windows mpya ikishakaa, masasisho yote kwanza, kabla ya kurudisha faili lolote. Kisha kagua ile diski ya nje kwa Defender. Jifungulie akaunti ya kawaida ya kutumia kila siku, na ya msimamizi uiache kando kwa siku unaposakinisha kitu. Pita pia kwenye ruta ubadilishe nywila ya usimamizi. Na video uhariri kwa DaVinci Resolve au Shotcut. Zote unazipata bure kwa watengenezaji wenyewe, na Shotcut hata kompyuta ya kawaida inaibeba.

Kuhusu kamera. Ningependa kukuambia hapana, lakini programu nyingi za aina hii zina kitufe cha kamera na cha maikrofoni, kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba iliwezekana. Taa ndogo ya kamera ni shahidi mzuri lakini si wa kutegemewa kabisa: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha jinsi ya kuwasha kamera za MacBook za zamani huku taa imezimika. Bandika kipande cha karatasi leo. Na ukipata baruapepe ya vitisho ikisema "nimekurekodi, lipa", usilipe, usijibu. Nyingi kati ya hizo hutumwa kwa maelfu ya watu kwa mpigo na mtu asiye na chochote mkononi, hata zikikutajia nywila yako ya zamani. Ikiwa anaonyesha kitu halisi, hifadhi ujumbe wote na uende polisi.

Nahisi unaona aibu. Mwaka 2014 FBI ilipowakamata wauzaji wa Blackshades, programu ya namna hii hii, ilisema ilikuwa ikiuzwa kwa dola 40 na ilikuwa imeingia kwenye kompyuta zaidi ya nusu milioni katika nchi zaidi ya 100. Na si wa kraki tu wanaonaswa. Mwaka 2017 CCleaner, programu halali ya kusafishia kompyuta, ilitoka kwa mtengenezaji wake ikiwa na mlango wa nyuma tumboni na sahihi halali juu yake, na kompyuta zaidi ya milioni mbili zikaipokea. Hao hawakuwa na kosa. Wewe lako unalijua, ulipoambiwa uzime antivairasi ukazima. Sikugombezi zaidi ya hapo.

Tumalizie kwa mdogo wako. Ndiyo, mwambie, na umwambie leo, kabla hujagusa fleshi wala diski. Kila nilichokuandikia kuhusu baruapepe yako kinahusu na yake: nywila zake zimo kwenye kivinjari kilekile, kuki zake zimo, na kama anatumia nywila moja chuoni na kwingineko, kuna mlango mwingine ambao wewe huwezi kumfungia. Anaweza hata kuwa ameshapata ule ujumbe wa "akaunti yako imefunguliwa kutoka mahali papya" akadhani ni kosa la mtambo. Huna haja ya hotuba. Kaa naye, kila mtu na simu yake mkononi, anzeni na baruapepe yake. Ya kwako itafuata.